Fomu Arobaini na Sita Zilizopanda Jiwe la Bando

Mgeni rasmi, Daktari Rebeka, mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mradi wa dawa mpya ya kichocho. Viongozi mliofuatana naye. Na majirani wa vitongoji vinne mliokuja kupokea vyeti: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mgeni rasmi, tangu umeshuka kwenye gari umelitazama ziwa, umeitazama meza ya vyeti, na saa yako umeitazama mara tatu. Sisi hujatutazama. Hatusemi hivi kwa kukuvunjia heshima. Barua tatu tulizokuandikia nazo hazikutazamwa, na leo muda umetubana.

UKARIBISHO

Karibu Isonda. Watu wa itifaki walitueleza kwamba kitongoji chetu hakimo kwenye orodha ya waliomaliza utafiti, ila kiwanja chetu ni kikubwa na gari linafika, kwa hiyo sherehe ifanyike kwetu. Tukakubali. Tumefagia, tumefunga turubai, sato wa mchana yuko jikoni. Kama wenyeji tumepewa dakika kumi za kusoma risala, na tunazitumia zote.

Hatutakusomea idadi ya kaya wala mipaka ya kitongoji. Tutakueleza habari za mtu mmoja, Teodora, mwanika dagaa wa hapa mwaloni, kwenye ufukwe wa kushushia samaki, kwa sababu kitakachowapata watoto wa vitongoji vingine kumi na viwili Jumatatu ijayo kinategemea kama mtu huyu alisema kweli au alidanganya. Yupo hapa. Amekaa mstari wa mwisho, nyuma ya spika. Ndipo alipopangiwa.

HISTORIA, KWA KADIRI TUNAVYOIKUMBUKA

Na tunaikumbuka sana. Wazee wetu walichomwa sindano za kichocho zilizowatapisha mpaka wakawa wakisikia gari la dawa wanaingia kwenye matete. Mwaka 1987 walikuja watu na vikopo, wakachukua vinyesi vya watu mia mbili na kumi, wakasema majibu yatarudi. Hayajarudi. Mwaka 2004 wakaja wengine na vikopo vyenye mfuniko. Mfuniko ndio maendeleo tuliyoyaona.

Kisha vikaja vidonge, na hapo tunashukuru, vilisaidia. Mgawaji alikuwa na kijiti kirefu chenye alama. Mtoto anasimama kando yake, kichwa kikifika alama hii anapewa vidonge viwili, ile vitatu. Mtoto ambaye kichwa chake hakikufika alama ya kwanza kabisa alirudishwa nyumbani na kichocho chake, kwa sababu dawa yake haikuwapo duniani.

Teodora alisimama kwenye foleni hiyo na kifungua mimba wake, Gladness, wa miaka mitatu. Mtoto alipungua vidole viwili kufika alama. Teodora akamsukuma kisigino kwa mguu wake ili asimame kwa vidole.

"Mama," mpimaji akasema bila kuinua macho, "usimrefushe mtoto."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alirudi na Gladness mgongoni, akapita kwenye maji yaleyale ambamo mtoto alikuwa akikaa kwenye karai wakati mama yake anaosha dagaa, na akajua kwamba anampitisha kwenye ugonjwa, na kwamba kesho atapita tena, kwa sababu njia nyingine hakuna. Leo Gladness ana miaka kumi na minne. Ini limevimba. Akipanda ngazi za shule anasimama katikati, anajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kwa hiyo mradi wenu ulipokuja na dawa ya maji kwa ajili ya watoto walio chini ya kijiti, na mkauliza nani atajitolea kuwa mhudumu wa jamii, mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Teodora. Aliishia darasa la saba, lakini alisoma kila karatasi mliyompa, na asichokielewa aliuliza mpaka muuguzi akachoka. Ndiye aliyetufundisha kwamba minyoo hii inakaa kwenye mishipa ya damu ya tumbo, dume amemkumbatia jike miaka na miaka. Kwamba dawa inaikaza misuli yao mpaka inaachia ukuta wa mshipa. Na kwamba dawa haitoki kiwandani ikaingia mdomoni mwa mtoto hivihivi. Inaanza kwa panya, inakwenda kwa watu wazima wenye afya, kisha kwa wagonjwa wachache, ndipo kwa watoto wachache, na kila ngazi inapandwa kwa maandishi ya ngazi iliyotangulia. Alitwambia, "Sisi ndio ngazi. Tukiandika vibaya, anayefuata anaanguka."

MAFANIKIO

Dawa inafanya kazi. Tunataka hili lisikike mpaka mstari wa mbele, kwa sababu tumeitwa wapinga dawa. Watoto arobaini na sita wa Isonda walikunywa mara mbili, mwezi wa tatu na mwezi wa tano, na waliokuwa wakienda haja na damu wameacha. Hatutaki dawa iondoke. Tunataka iandikwe ukweli wake.

Kila kaya ilipewa simu ya mradi. Siku kumi baada ya dozi, kila jioni, simu inatoa swali kwa Kiswahili kizuri: "Habari ya jioni. Mtoto anaendeleaje leo?" Chini kuna vitufe viwili, Vizuri na Vibaya. Ukibonyeza Vibaya maswali yanaendelea. Ukibonyeza Vizuri, simu inasema asante na kufunga.

Mwezi wa tatu Isonda nzima ilijibu Vizuri, siku zote kumi. Kule mjini walifurahi. Teodora hakufurahi, maana kwa macho yake alimwona Ngosha, mtoto wa Sabina, amelala mlangoni macho yamegeuka, saa tatu baada ya kunywa dawa, mama yake akimwagia maji. Alimfuata Sabina kwenye vichanja vya dagaa.

"Sabina, mtoto alizimia. Mbona uliandika vizuri?"

"Nilidhani ni jua. Na ile simu ilinipa habari ya jioni, nikaitikia. Nikangoja iniulize habari za nyumbani niieleze. Ikazima."

"Ukangoja mpaka lini?"

"Mpaka chakula kikaungua, dada."

Bibi Mwaija, aliyekuwa akigeuza dagaa pembeni, akaingilia. "Sasa mtu mzima ataanzaje na mabaya? Mimi nikiulizwa habari, hata nikiwa na msiba nasema nzuri, halafu ndiyo naeleza. Hiyo simu imelelewa na nani, inasalimia halafu inageuza mgongo?"

Mgeni rasmi, cheka kama unataka, sisi tulicheka. Teodora yeye alikuwa akihesabu kwa vidole. Nyumba hadi nyumba akaambiwa hadithi hiyohiyo. Watu arobaini na sita wenye adabu waliisalimia simu. Akaandika kwenye daftari lake: watoto tisa walizimia, simu inasema hakuna.

Dozi ya mwezi wa tano ilipokaribia akapita tena nyumba kwa nyumba. "Msiisalimie. Anzeni na ugonjwa, kama mnagombana nayo." Na kwa kuwa muuguzi wa mradi hukaa saa moja tu kisha gari linaondoka, na Ngosha alizimia saa ya tatu, Teodora alipita mwenyewe saa ya tatu baada ya dozi. Alikuta kumi na mmoja wamezimia. Wote waliamka, tunamshukuru Mungu. Na kwa kuwa ni mtu wa kuuliza, kila mlango aliuliza pia mtoto alikula nini asubuhi. Wote kumi na mmoja walikuwa hawajala kitu. Ni watoto wa akina mama wanaotoka alfajiri kuwahi dagaa. Waliokunywa uji kwanza, hakuna hata mmoja aliyezimia.

Uji, mgeni rasmi. Karatasi yenu ya maelekezo inasema dawa inywewe wakati wowote. Mwanika dagaa wa darasa la saba amegundua kwamba neno linalokosekana hapo ni uji. Haya ndiyo mafanikio yetu, na kwenye meza ya vyeti hayamo.

CHANGAMOTO

Kwanza tueleze mtandao, maana ndio uliotuponza. Mnara wa simu uko upande wa barabara ya Usagara. Kati yake na sisi kuna kilima cha mawe unachokiona. Fundi wa minara aitwaye Khalidi alikuja kurekebisha mitambo, Teodora akamfuata na maswali.

"Antena ziko tatu," Khalidi alimwambia, "kila moja inamulika upande wake kama tochi. Mbili zinamulika barabara, moja inamulika kijiji cha juu."

"Na huku kwetu?"

"Huko hakuna biashara, mama."

"Sisi elfu mbili ni nini?"

Akajikuna kichwa. "Mimi nafunga boliti tu, mama. Wanaopanga wako ofisini."

Lakini alikuwa kijana mwema, akamweleza vizuri. Simu haitupi ujumbe mzimamzima hewani. Inaukatakata vipande vidogo, kila kipande kina namba na anwani ya kinapokwenda. Inauomba mnara nafasi. Mnara unavipokea, unavirusha kwa mnara mwingine au unavishusha kwenye waya wa ardhini, mpaka kwenye kompyuta ya mradi kule mjini Nyamagana, na huko vinaunganishwa tena. Kipande kikipotea njiani, kinaombwa upya. Na pasipo na mnara simu haitupi kitu. Inaishika fomu yako ndani, pamoja na saa uliyoiandika, inangoja. Siku ikipata mnara inaituma, na huko inakofika inapigwa saa ya pili, saa ya kupokelewa. Kwa hiyo kila fomu ina saa mbili.

Kwetu mtandao unakamatika mahali pamoja tu, juu ya lile jiwe kubwa kuliko yote pale kilimani, tunaloliita Jiwe la Bando. Ndipo watu wanapopanda kutuma salamu na kupokea hela. Sasa kaya arobaini na sita zipande kila siku, wajawazito na vikongwe ndani yake? Tukafanya kama tunavyofanya na kila kitu hapa mwaloni, mmoja anabeba mzigo wa wote. Watu waliandika jioni, kila mtu kwake, kila mtu na mtoto wake mbele yake. Asubuhi Teodora alipita na beseni lake la dagaa, amelisugua kwa majivu, akakusanya simu, akajitwisha, akapanda. Juu ya jiwe alizipanga kama anavyopanga dagaa, zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Alitwambia asubuhi ya kwanza alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia. Kila mlio ulikuwa mtoto mmoja amefika mjini. Siku kumi alipanda mwezi wa tatu, kumi nyingine mwezi wa tano, na goti lake la kushoto mpaka leo halijamsamehe.

Siku ya kumi na tatu baada ya dozi ya mwezi wa tano gari la mradi likaja. Akashuka Obedi, msimamizi wa takwimu, na karatasi mkononi. Obedi yupo hapa mstari wa mbele. Hatumchukii, anaweza kututazama.

"Mama Teodora. Fomu arobaini na sita, dakika nne, mahali pamoja. Kila siku. Huu ni mkono mmoja."

"Miguu ndiyo ilikuwa ya mmoja," Teodora akasema. "Mikono ilikuwa arobaini na sita."

"Na mwezi wa tatu wote wazima, mwezi wa tano kumi na mmoja wanazimia siku moja? Mlikaa kikao?"

"Mwezi wa tatu tuliisalimia simu."

Obedi alimtazama kama mtu anayeombwa nauli. "Mfumo hauna sehemu ya kuandika hayo, mama."

"Angalia saa ya kuandikwa, mwanangu. Kila fomu ina saa yake humo ndani. Huyu aliandika saa kumi na mbili, yule saa moja kasoro. Usiangalie saa ya kufika, saa ya kufika ni ya kwangu mimi na jiwe."

"Ripoti tunayoletewa ina saa ya kufika."

"Si mwaite anayeitengeneza aweke na nyingine?"

Obedi alinyoosha mkono, na Teodora ilimchukua muda kuelewa kwamba anataka kitambulisho kilichokuwa shingoni mwake. Alikivua mbele ya watoto. Kamba ikanasa kwenye kilemba, ikabidi Obedi amsaidie kuinasua, na wote wawili waliona aibu. Simu zikakusanywa. Wiki iliyofuata ikaja barua: takwimu za Isonda zimefutwa kwa udanganyifu.

Tangu siku hiyo, mgeni rasmi, mwanamke huyu halali vizuri, na wengine wetu tulimwongezea. Tuliseme kwa sababu ni kweli. Baadhi yetu tulimwambia, "Wewe ndiye uliyetutoa kwenye mradi na beseni lako." Sabina alipita mbele yake kwenye vichanja bila salamu. Tumemwomba msamaha, naye ametusamehe kwa mdomo.

Lakini hofu yake si sisi. Hofu yake ni Jumatatu. Vitongoji vilivyobaki vinne ni vya wakulima, watoto wao hunywa uji kabla mama hajachukua jembe, kwa hiyo hawakuzimia. Sisi wa mwaloni tukishafutwa, maandishi yanayobaki yanasema dawa haina shida hata kwa tumbo tupu. Ngazi inayofuata itajengwa juu ya maandishi hayo. Jumatatu dawa inaanza katika vitongoji kumi na viwili, na saba kati ya hivyo ni vya mwaloni. Kimoja ni kwa mdogo wake Teodora, Odeta, mwenye mtoto wa miaka miwili aliyezaliwa njiti na uzito wake mpaka leo haujakaa sawa. Odeta naye anatoka alfajiri.

Juzi Teodora alipanda jiwe kumpigia.

"Mpe uji kwanza, Odeta. Nakuomba. Hata kama wanasema wakati wowote."

"Dada, watu wa mradi walipita. Wakasema kama una ndugu Isonda usimsikilize, wale walifukuzwa kwa kudanganya. Wakakutaja wewe kwa jina."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilisema nimesikia." Kisha akauliza taratibu, kama mtoto, "Dada, uliziandika wewe zile fomu?"

Teodora alikata simu. Alishuka akiwa amekalia mawe, moja baada ya jingine, kwa sababu goti lilikataa na macho hayaoni. Hakuna aliyemwomba atusimulie haya. Alikuja mwenyewe kwa katibu wetu, akaweka daftari mezani, akasema, "Andikeni. Mimi nikisema nitalia, na nikilia watasema ninaigiza."

Mgeni rasmi, watoto wetu waliamka. Walikuwa na mtu aliyepita saa ya tatu. Wale wa Jumatatu hawana Teodora. Muuguzi atakaa saa moja, gari litaondoka, akina mama wako ziwani.

OMBI

Kwenye nakala ya kwanza ya risala hii maombi yalikuwa matano: choo cha mwaloni, kisima, daraja, antena ya nne ya kumulika huku, na hili. Jana tumeyafuta manne. Tunawajua wageni rasmi. Mkipewa matano mnaahidi choo, watu wanapiga vigelegele, na gari linaondoka. Leo hatukupi choo cha kuahidi.

Barua ya kututoa inasema takwimu za mradi zinafungwa leo Ijumaa saa kumi jioni, na kwamba zikishafungwa simu zetu, ambazo ziko kwenye sanduku ofisini kwenu Nyamagana, zitafutwa zote zigawiwe vitongoji vipya. Humo ndani ndimo saa za kuandikwa zilimo. Zikifutwa, Teodora atakuwa mwongo mpaka kufa, na karatasi yenu itaendelea kusema wakati wowote.

Tuna karatasi ya ridhaa tuliyoitia dole gumba. Ukurasa wa nne unasema mwenyekiti wa kamati ya usalama anaweza kusimamisha kazi yoyote ya mradi, saa yoyote, akiwa na shaka juu ya usalama wa mtoto. Mwenyekiti ni wewe. Haisemi mpaka arudi ofisini wala mpaka kamati ikae. Inasema saa yoyote. Na kama mpaka hapa huna shaka, utuambie hapahapa mbele ya akina mama hawa kwamba huna, tuandike na hilo, tutalikumbuka kama tunavyokumbuka vikopo.

Tunaomba usigawe vyeti kwanza. Tunaomba usile kwanza, sato hatakimbia. Simu yako hapa chini haina mtandao, tumekuona ukiijaribu. Kupanda mpaka juu ni dakika ishirini kwa mwenye viatu vya mjini. Ukifika, piga simu ofisini, sema maneno matatu: simamisheni, msifute, someni. Wasome saa za kuandikwa, wasome daftari la Teodora, na Jumatatu hakuna mtoto anayepewa dawa kabla ya uji. Kama baada ya kusoma mtatukuta waongo, rudini mtufunge, tutawapikia.

Mwenyezi Mungu akupe pumzi ya kupanda, akuepushe na jiwe linaloteleza, na awalinde watoto wanaoamka bila kupata uji. Wanaokuambia haya ni wazazi na walezi wa watoto arobaini na sita wa Isonda Mwaloni, Waislamu kwa Wakristo na wasio na dini, waanika dagaa, wavuvi na wafuga mbuzi.

Sasa ni saa saba na nusu. Teodora ameshasimama, anakungoja pale penye njia. Daktari, inuka. Wapigie sasa.